Mashine za pipi za kuzungusha kwa sarafu: nichukue za plastiki nyingi au za chuma chache? (Niko Dodoma)

BajajiYaNkuhungu

Mbukwenyi wakuu, poleni na majukumu.

Naomba mnisaidie mawazo kabla sijaitoa hela yangu mfukoni. Mimi naendesha bajaji hapa Dodoma, ni yangu mwenyewe nilishamaliza marejesho, mizunguko yangu ni Kisasa, Ilazo, mjini kati, Nkuhungu na siku nyingine stendi kuu kule Nzuguni. Nimedunduliza hadi nimefika 2,800,000 na nataka kitu cha pembeni ambacho hakitanitoa kwenye usukani. Nimefikiria zile mashine ndogo za pipi, ule mtungi wa kioo juu ya nguzo, mtoto anatumbukiza sarafu anazungusha kitasa zinadondoka pipi au bigijii chini, haitumii umeme na haina haja ya muuzaji kukaa pale. Niliziona Dar kwenye mall moja, watoto wamezizunguka na wazazi wanatoa sarafu tu, huku kwetu bado sijaona mtu aliyezitawanya mtaani.

Mpango wangu ni kuziweka saluni, kwa vinyozi, sehemu za kuoshea magari, maduka ya dawa, migahawa yenye viti vya kungojea, na nilifikiria pia karibu na mageti ya shule za msingi. Kila wiki napita na bajaji, najaza, natoa hela, mwenye eneo namwachia chake naendelea na abiria.

Sasa hapa ndipo nimekwama. Kuna jamaa ananiletea za plastiki zenye mitungi mitatu kwenye nguzo moja, mpya kwenye boksi, 140,000 kila moja, kwahiyo naweza kupata 18 na hela ya pipi ikabaki. Upande mwingine shemeji yangu anajua mtu anayeshusha mtumba kutoka Marekani, ana za chuma za mtungi mmoja mmoja, nzito kweli, kanambia 330,000 moja bila nguzo ya kusimamia. Hapo nikitoa na hela ya nguzo na pipi, nikijikaza napata sita tu. Picha nimeziangalia zote nzuri, macho yangu hayanisaidii. Mwenye uzoefu aniambie ipi itavumilia jua letu, vumbi letu na mikono ya watoto wetu, na niangalie nini nikienda kukagua. Na jingine, zikija na sehemu ya sarafu za kwao itakuwaje?

---

Chuma_Singida

Mkuu umeuliza mapema, mimi niliuliza nikiwa nishanunua.

Nilianza na kumi za plastiki za mitungi mitatu kama hizo zako, nikaziweka Singida mjini na nyingine Manyoni. Miezi miwili ya kwanza nilikuwa na raha sana. Mwezi wa tatu zikaanza kunipigia simu, yaani wenye maduka wananipigia, mashine yako imemeza hela ya mtoto njoo. Nikifungua nakuta gia ya ndani ni plastiki nayo imekatika meno, kwasababu mtoto akizungusha kikakwama hasubiri, anashika kitasa kwa mikono miwili anakikaza kwa nguvu zake zote, chuma kinavumilia lakini plastiki inasema basi. Spea hakuna, aliyeniuzia anasema nunua nyingine kamili. Nikawa naua moja nafufulia nyingine mpaka mwezi wa nane zikabaki tatu zinazofanya kazi. Na hicho ndio kipimo cha kwanza ninachokupa, usiulize bei ya mashine kabla hujauliza bei ya kitasa, bei ya gia, bei ya mtungi peke yake na bei ya kufuli. Muuzaji akikosa jibu, hiyo sio mashine ya biashara, ni mapambo.

Za chuma nilizonazo sasa ni saba. Kwenye mtumba wa Marekani majina utakayokutana nayo sana ni Northwestern, hawa ni kampuni ya siku nyingi ya mji wa Morris kule Illinois, wapo tangu 1909, halafu kuna Oak, na kuna Beaver ambazo ni za Kanada. Uzuri wake ni kwamba mwili ni chuma cha kumimina, sehemu ya sarafu inatoka nzima kwa kufungua skrubu na unapachika nyingine, na spea zake zinauzwa hadi leo hata kwa mashine kuukuu. Mimi moja ya kwangu ni kuukuu kuliko mwanangu wa kwanza, nimebadilisha springi na mtungi basi, inapiga kazi.

Ukienda kukagua beba vitu vitatu, tochi, sumaku na sarafu. Sumaku usiitumie kukataa mashine, kwasababu vichwa vingi, yaani ile sehemu ya sarafu, vimemiminwa kwa zinki ambayo sumaku haishiki na bado ni vigumu kweli, itumie kwenye fito ya katikati inayoshika kila kitu kuanzia kifuniko cha juu mpaka kitako, hiyo iwe chuma na meno yake ya skrubu yawe mazima. Mulika ndani ya tundu la kudondoshea uone kama kuna kutu, kutu pale pipi inapopita usinunue hata akupunguzie nusu. Zungusha kitasa mara ishirini bila kuchoka, kisikwame hata mara moja. Halafu mtungi, ugonge kwa kucha uangalie nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui pale chini unapokalia, hapo ndipo hupasukia.

Kuhusu kufuli mimi niliumia. Zile kumi zangu zote zilikuwa na ufunguo wa aina moja, na sio zangu tu, za kila mtu aliyenunua kwa yule muuzaji. Badilisha kufuli siku ya kwanza kabla hata haijatoka nyumbani.

---

Jembe_la_Area_D

Mimi naomba nipingane kidogo na kaka wa Singida kwa heshima zote. Biashara hii ni eneo, wala sio chuma. Mashine nzuri mahali pabovu haiuzi. Ukiwa na 18 unaweza kujaribu sehemu 18, zikifa 8 umeshajua zile 10 zenye wateja, hapo ndo unapeleka za chuma. Ukiwa na sita na ukakosea maeneo manne mtaji wako umelala mwaka mzima. Halafu kama ziko ndani ya saluni hakuna jua wala mvua, plastiki itaharibiwa na nini?

---

Chuma_Singida

Ndugu hoja ya eneo nakubaliana nayo asilimia zote. Ila kujaribu eneo hakuhitaji mashine 18. Mimi sasa naweka moja mahali wiki nne, isipofika lengo langu naipakia naipeleka kwingine, mashine ina miguu yako wewe. Na yeye ana bajaji.

Na hizo 18 zenye mitungi mitatu ni mitungi 54 ya kujaza. Umewahi kupiga hesabu ya pipi za kujaza mitungi 54? Bigijii kubwa zile za inchi moja katoni inakuja na 850, hazijazi mitungi mingi hivyo. Hela yako nyingi itakaa ndani ya vioo inasubiri watoto, na mtungi wa tatu siku zote unakuwa na kitu ambacho hakitoki, kinazeeka pale mpaka unakimwaga.

Ndani ya saluni jua halipo sawa, lakini dawa za nywele zipo. Spirit, spray, dryer inapuliza joto. Naomba fundi yeyote aliyepo aeleze habari ya mitungi maana mimi nimejifunza kwa hasara tu.

---

FundiKufuli_Majengo

Nipo mkuu. Mimi ni fundi makufuli na mashine ndogo ndogo hapa Majengo, nimeshafungua hizi mashine kadhaa nikaletewa hata ya sarafu za kigeni, kwahiyo nianze na mitungi halafu nije kwenye sarafu maana sarafu ndio moyo wa hiki kitu na naona mmeiruka.

Mitungi iko ya kioo chenyewe, ya akriliki na ya polikaboneti, hizo mbili za mwisho ni plastiki angavu. Kioo hakichuniki, hakibadiliki rangi, lakini kikidondoka sakafuni kwenye saluni yenye watoto pekupeku ni hatari, mimi simshauri mtu. Akriliki ni angavu na inavumilia jua vizuri, ila ukiigonga inapasuka. Polikaboneti ndio ngumu kuliko zote, unaweza kuipiga ngumi, ila ikikaa juani muda mrefu inageuka njano kama haijawekewa kinga. Kwa Dodoma mimi ningesema polikaboneti na mashine ikae kivulini. Na zote mbili hizo za mwisho zinachukia spirit na dawa za kusafishia vioo vya madirisha, zinazileta zile nyufa za utando wa buibui alizosema kaka. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, futa kwa kitambaa laini kilicholowa, usifute vumbi kikavu maana vumbi letu hili lina mchanga, ni kama unapiga msasa.

Sasa sarafu. Ndani ya ile sehemu ya kuzungusha kuna sahani ya chuma yenye pengo la ukubwa wa sarafu. Unapozungusha, kuna vijino vinavyokanyaga juu ya ile sahani. Pengo likiwa tupu au sarafu ikiwa ndogo, kijino kinatumbukia kwenye pengo na mashine inajifunga. Sarafu sahihi inajaza pengo, kijino kinateleza juu yake, gurudumu la chini linazunguka na pipi inadondoka. Kwahiyo mashine haijui hela, inajua upana na unene basi. Zilizotoka Marekani nyingi zimekatwa kwa kwota yao, ile sarafu ya robo dola, milimita 24.26 upana na 1.75 unene. Sasa mtu anaona sarafu yetu mojawapo inakaribiana na hiyo anafurahi, inaingia, inazunguka leo, kesho inakwama kwasababu unene sio ule ule. Njoo na kalipa, kile kifaa cha kupimia upana na unene, pima sarafu kumi za aina unayotaka, chukua za miaka tofauti na zilizochakaa pia, ndo uamue.

Hamsini iache, ina kona saba na haikai vizuri kwenye pengo la duara. Jero ya sarafu, ile ya Karume na nyati iliyotoka 2014, ni kubwa kuliko kwota, haitapita kwenye tundu lile, utahitaji kichwa kingine kabisa au sahani nyingine. Vichwa vya sarafu vinauzwa peke yake na vya tokeni, vile visarafu visivyo hela, pia vipo. Kuchonga pengo kwa faili inawezekana, nimefanya, lakini ukizidisha hata kidogo tu umefungua mlango wa washa kupita kama sarafu. Washa za bolti za dukani zinauzwa bei chee, watoto wa gereji wanajua hilo kabla yako.

Jambo la mwisho kwa leo, usitie oili kwenye sehemu ya sarafu. Oili inashika vumbi, baada ya mwezi wa nane na wa tisa upepo ukivuma kwetu hapa unakuta humo ndani kuna tope. Tumia unga wa grafaiti, ukikosa saga risasi ya penseli nyunyiza kidogo, upande wa sarafu tu, usipeleke upande wa pipi.

---

MamaWawili_Miyuji

Habari zenu kaka zangu. Mimi nina saluni Miyuji na niliwahi kuwekewa mashine ya aina hiyo na kijana mmoja, kwahiyo naongea kama mwenye eneo maana naona wote mnaongea kama wenye mashine.

Cha kwanza aliniambia atanipa asilimia 20. Sikuwahi kujua asilimia 20 ya nini, anakuja mimi nikiwa na mteja kichwani, anafungua, anahesabu mwenyewe, ananiachia elfu mbili juu ya kioo anaondoka. Sio kwamba alikuwa mwizi, sijui, ndio tatizo lenyewe kwamba sijui. Mwanangu wa bajaji ukifika kwangu hesabu mbele yangu, andika kwenye daftari mbili, moja yako moja yangu, tusaini. Hapo hata mashine ikiguswa usiku nitaamka mimi mwenyewe.

Cha pili ni sisimizi. Hakuna aliyewataja! Baada ya wiki mbili walikuwa wamepanga mstari kutoka ukutani mpaka ndani ya mtungi, wateja wananiangalia mimi, sio mwenye mashine. Nilipaka grisi kuzunguka nguzo, upana wa vidole viwili, wakakoma. Ila na kile kifuniko cha mdomo wa kutokea pipi kiwe kinafunga chenyewe, cha ile mashine kilikuwa kimelegea kinaning'inia wazi, vumbi la barabara na nywele vinaingia na mtoto anaweka mkono humo humo na kula.

Cha tatu naomba unisikilize vizuri. Zile bigijii kubwa za mviringo ni hatari kwa mtoto mdogo. Kuna siku mtoto wa mteja, hata miaka mitatu hajatimiza, kaka yake kamzungushia akampa, ikamkaba kooni. Tulimwinamisha tukampiga mgongoni ikatoka, mama yake analia, mimi natetemeka nimeshika chanuo. Kesho yake nikampigia yule kijana nikamwambia njoo uchukue kitu chako. Kama utaweka bigijii kubwa basi nguzo iwe ndefu, kitasa asikifikie mtoto wa miaka miwili, na bandika maandishi makubwa ya Kiswahili kwamba sio kwa watoto chini ya miaka mitatu. Kwangu ukija na hayo nakupokea.

Na mageti ya shule achana nayo mwanangu. Hela ya mtoto pale ni hela ya uji.

---

Mwl_Kibaigwa

Namuunga mkono dada wa Miyuji. Mimi ni mwalimu, na kitu chochote cha kutumbukiza sarafu kikikaa karibu na shule watoto wanaanza kukifananisha na dubwi, zile mashine za kamari, wanazungusha kwa kutarajia kitu kikubwa zaidi. Ukiweka vile vidude vya kushtukiza, pete, mara mpira, mara hela, utaulizwa na wazazi na utaulizwa na serikali ya mtaa, na mambo ya kubahatisha yana bodi yake. Weka kitu kimoja kinachoonekana, mtoto ajue sarafu yake inampa nini. Weka mahali mzazi yupo.

---

KingaNaMizigo

Kwa ufupi upande wa makaratasi maana nafanya kazi za kutoa mizigo. Kama utaagiza mwenyewe usipige hesabu ya bei ya mashine na meli tu, kuna ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18 inayopigwa juu ya bei, usafiri na ushuru, kwahiyo mpe wakala maelezo ya mashine kabla hujalipa. Ukinunua iliyoshafika dai risiti. TIN ni bure TRA, usimpe mtu hela ya kukutolea TIN. Leseni ya biashara ofisi ya Jiji. Kwakuwa unauza kitu cha kuliwa ujue usalama wa chakula uko TBS tangu 2019, zamani ilikuwa TFDA, nenda ofisi yao ukaulize mashine inasajiliwaje, na pipi zako ziwe zina lebo ya kiwandani yenye tarehe ya mwisho. Hifadhi ile lebo, ukishamwaga pipi kwenye mtungi hakuna anayejua zimetoka wapi, mimi ningeikata nikaibandika nyuma ya mtungi kila ninapojaza.

---

BajajiYaNkuhungu

Aisee wakuu nimesoma yote mara mbili nikiwa kijiweni hapa, abiria wawili wamenipita. Dada wa Miyuji pole sana kwa lililokukuta, na la shule nimelifuta kabisa, nilikuwa naona wingi wa watoto sikuona lile la uji.

Nina maswali mawili yamebaki. La kwanza, sarafu gani? Naona mia ndogo sana, jero wazazi watalalamika. La pili, nilitaka kujaza vitu vya kwetu, karanga za Kongwa, ubuyu, zabibu kavu, maana Dodoma hii zabibu ni sisi na karanga ni sisi. Mnasemaje?

---

Chuma_Singida

Nianze na vya kujaza. Wazo la vya kwetu ni zuri na mimi nililipenda, nikajaribu. Ubuyu hapana, ule wenye sukari na rangi unanata, unashika gurudumu mpaka unalifungua kwa maji ya moto. Zabibu kavu hivyo hivyo, zinashikamana zinakuwa tonge. Karanga zinatoka vizuri sana, gurudumu la kurekebisha kipimo unaliweka zinadondoka kiganja kimoja, lakini baada ya siku kumi mtungi umekuwa na ukungu wa mafuta ndani, na zikikaa kwenye joto zinachacha harufu. Halafu karanga na habari ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu, na sisi kanda hii tunajua 2016 watu wa Dodoma na Manyara walikufa kwa nafaka yenye sumu ile. Huwezi kumwekea mtoto wa mtu karanga ambazo hujui zilikaushwa wapi. Ukipata za kuchaguliwa, zilizokaangwa wiki hiyo, jaza robo mtungi tu na utoe kila wiki zilizobaki hata kama zinaonekana nzima. Ukishindwa nidhamu hiyo achana nazo.

Chokoleti hata usijaribu, mwezi wa kumi na wa kumi na moja joto la hapa linapita 30 na chokoleti inalegea kuanzia hapo hapo. Zinazovumilia ni bigijii zenye ganda gumu la sukari na pipi ndogo ngumu zilizong'arishwa. Na hizo nazo kipindi cha mvua, kuanzia wa kumi na mbili mpaka wa nne, zinavuta unyevu zikishikana, kwahiyo msimu huo jaza kidogo kidogo.

Sarafu mimi natumia mia mbili. Sababu sio bei tu. Nikitoka kukusanya nina mfuko wa sarafu, nilikuwa naona mzigo, kupeleka benki ni foleni na kuhesabiwa. Siku moja konda akanisikia zikilia akaniuliza zinauzwa? Tangu siku hiyo siendi benki. Chenji kila mahali haipo, mwenye duka, konda, mama wa chapati wote wanaitafuta, wananipa noti kwa sarafu zangu na wanashukuru. Na yule mwenye duka ninayempelekea chenji kila wiki hawezi kunifukuzia mashine. Kuhesabu usijichoshe, hesabu sarafu 100 mara moja, zipime kwenye mizani ya gramu, andika uzito, baada ya hapo unapima tu. Ila mbele ya mwenye eneo kama alivyosema dada.

---

FundiKufuli_Majengo

Nyongeza ya tokeni. Kuna maeneo kama sehemu za kuoshea magari ambako watu wengi wanalipa kwa simu, hawana sarafu kabisa. Pale unaweza kufunga kichwa cha tokeni, anayesimamia pale anauza tokeni kwa mia mbili, washa haiingii kama tokeni ina mfereji katikati na mashine ukiifungua usiku haina hela, ina vyuma visivyonunua kitu. Ubaya ni kwamba unamtegemea muuza tokeni, kwahiyo mpe kwa idadi, 50 unaandika 50.

Nguzo usinunue ya kutoka nje, tengeneza hapa. Bomba la inchi moja na nusu, chini pleti ya milimita 10 yenye sentimita 40 kwa 40, hiyo peke yake ni kilo kama 12 na nusu, mtoto akiegemea haianguki na mwizi hakimbii nayo mbali. Toboa tundu pembeni pitisha mnyororo.

---

Jembe_la_Area_D

Nimeelewa, narudisha nyuma kauli yangu ya 18. Ila bado nasema usinunue sita kwa mkupuo. Nunua tatu.

---

BajajiYaNkuhungu

Na mimi hesabu imenipeleka hapo hapo kaka. Tatu za chuma 990,000. Nguzo tatu, kufuli mpya tatu na vichwa vya mia mbili nitajua bei kesho. Moja kwa dada Miyuji kama bado ananikaribisha, nguzo ndefu na maandishi, daftari mbili. Ya pili kuna kinyozi Ilazo Jumamosi anajaza watoto na baba zao mpaka nje. Ya tatu sehemu ya kuoshea magari Kisasa, hiyo ndo ya tokeni. Hela iliyobaki inakaa, wiki nne zikiisha ndo nitajua kama naenda ya nne au nahamisha hizi.

Za mtumba ninaenda kuzikagua Alhamisi na shemeji. Tochi ninayo, sumaku nimeazima kwenye spika mbovu. Kalipa ndo sina.

---

FundiKufuli_Majengo

Pitia kwangu Jumatano jioni nikuazime. Na uje na hizo mia mbili kumi, zilizochakaa zisikosekane.

---

MamaWawili_Miyuji

Karibu mwanangu. Grisi uje nayo.